Mlio wa Kioo

Kwenye harusi zetu za Pwani kuna ukumbi ambao mwanamume haingii, na simu pia haziingii. Mlangoni anakaa shangazi fulani na kikapu cha kukusanyia simu, na usimjaribu. Ndani mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, watu wanacheza. Mimi ni kati ya wachache wanaoruhusiwa kuingia na kamera, na ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba hapa Gede.

Kamera yangu ni DSLR ya zamani. Ndani yake kuna kioo kilichokaa mshazari, kinachopeleka mwanga hadi jichoni kwangu. Nikibonyeza, kioo kinaruka juu, mwanga unafika kwenye sensa, kisha kinarudi: kach! Kila aliye karibu anasikia. Kamera mpya, zile tunazoita mirolesi, hazina kioo hicho. Sensa inaona muda wote na kukuonyesha picha kwenye kiskrini kidogo. Ni nyepesi, zinashika jicho la mtu hata akiwa anacheza, na ukitaka hazitoi sauti kabisa. Betri zao huisha haraka, sawa, unabeba ya pili. Soko lishaamua: Canon na Nikon walihamia huko kwa nguvu 2018, na DSLR zao kubwa za mwisho, 1D X Mark III na D6, ni za 2020.

Kiufundi basi, hakuna mjadala. Kinachonisumbua ni ule mlio.

Mle ukumbini, kach! ndiyo inayomfanya bibi ageuke aseme, "We mwanangu, hiyo ifute." Naifuta mbele yake. Nikipiga kimya nitapata picha nzuri zaidi, hakuna atakayekaza uso, wala hakuna atakayejua kuwa kuna kitu cha kukataa. Na picha ikivuja, atakayebaki na kesi nyumbani si mimi.

Rafiki yangu anayepiga picha za wanyama msitu wa Arabuko-Sokoke hunicheka. Kwake kimya ndiyo adabu: sengi, yule mdogo mwenye pua ndefu na matako ya dhahabu, akisikia kitu tu ashatoweka. Tena anasema ukiwa na lenzi ndefu, hata DSLR haisikiki ng'ambo ya barabara, na mirolesi unaweza kuiwekea mlio wa bandia. "Kamera yako ina kelele tu, haina maadili."

Ana hoja. Ila mlio wa kioo hautoki kwa hisani yangu. Kinagonga nipende nisipende. Ule wa bandia unategemea niuwashe, kila harusi, hata siku nimechoka na mteja anataka picha za "asili". Kuna watakaosema wema wa kulazimishwa na chuma si wema. Labda kwa nafsi yangu ni kweli. Lakini bibi anayecheza hafaidiki na nafsi yangu. Anafaidika na kusikia.

Nisionekane naichukia picha. Mwaka 1985 Monica Udvardy, mwanaanthropolojia Mmarekani, alimpiga picha mzee Mgiriama, Kalume Mwakiru, akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikutana na kimoja Marekani, kikiwa mali ya makumbusho, na picha ile ikawa ushahidi. Vyote viwili vilirudi 2007, mzee mwenyewe akiwa ameshafariki. Picha ya kunyatia ingetoa ushahidi uleule, sikatai. Lakini nadhani familia ingekuwa na swali la pili la kuuliza.

Na sisi wenyewe tunapigwa. Magofu ya Gede yaliingia orodha ya UNESCO 2024, na baadhi ya wageni wakimaliza mawe hugeuzia lenzi watoto na kina mama wa barabarani. Zamani ulikuwa unasikia, unageuza uso au unadai chako. Sasa mgeni anashusha kamera, anatabasamu, na hujui.

Mirolesi nitanunua, maana DSLR yangu ikifa itakuwa shida kuitengeneza. Upande wa kina mama itapigwa na mlio juu. Mteja mmoja wa Watamu ameshauliza kama naweza kuuzima, eti utaharibu video yake. Nimemwambia atafute mtu mwingine wa video.