Mmechukua Jina la Dawa, Mkaacha Masharti

Wajukuu zangu, haya nimeyasema misimu mingi, na sauti imeanza kuchoka. Nitayasema tena, maana bado naona watoto wanaletwa mboni zimepanuka, midomo imekauka, ngozi inawaka, wanaongea na watu wasiokuwepo. Ukiuliza, unajibiwa: alibanwa kifua, tukasikia mnanaha ni dawa.

Ni dawa, sitawaficha. Mmea ule wa ua jeupe refu na tunda la miiba, unaojiotea majalalani na kando ya mazizi, umetumika kama dawa tangu enzi za misafara. Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, mwaka 1857, aliandika kwamba alipopita nchi ya Wakutu aliona Waarabu na Waswahili wakivuta majani yake makavu kutibu pumu. Hawakukosea: moshi ule hulegeza njia za hewa. Hata atropini iliyomo ndani yake ndiyo daktari anayomdunga mtu aliyelewa sumu ya kunyunyizia mashamba. Lakini pale hospitali ya Kitete wanaipima kwa miligramu, na ninyi mnapima kwa kiganja. Mnanaha wa bondeni hauna nguvu sawa na wa mlimani, na mbegu chache zinatosha kumharibu mtoto. Waganga niliowajua mimi walikuwa na masharti mengi kuliko dawa: nani apewe, nani asipewe kabisa, lini aachishwe. Ninyi mmelishika jina la dawa tu, masharti mmeyaacha njiani.

Tena si lazima mtu aitafute sumu hii. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, watu walipewa uji wa msaada uliokuwa umeingiwa na sumu ya jamii hii ya mnanaha. Waliugua watu karibu 300, na watano wakafa. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mwenzake. Basi ung'oeni mnanaha shambani kabla haujafunga tunda, na mtama na ulezi mpepete na kuchagua kwa macho, msiiachie mashine ya kusaga kazi hiyo.

Sisemi muiogope jamii nzima. Mnavu ni ndugu wa mnanaha, na mnavu umetulea: uchemshe majani, umwage maji ya kwanza, uunge kwa karanga. Ila vitunda vyake vikiwa bado vya kijani, mtoto asivitafune. Ngogwe, nyanya, pilipili, vyote ni ukoo mmoja. Kiazi mviringo kilichogeuka kijani kwa kukaa juani kitupeni, kwa kuwa sumu yake haiishi kwa kuchemshwa. Na ndulele, najua mnaisifu kwa jino na kwa tumbo. Mbuzi akila matunda yake kwa wingi anaweza kufa. Mtoto mnamnyweshaje?

Linaloniuma zaidi ni tumbaku, kwa sababu hiyo hamuihesabu kabisa kuwa sumu. Nayo ni ya ukoo huu huu. Waingereza walipoushindwa mradi wao wa karanga pale Urambo, tumbaku ndiyo iliyoshika ardhi, na tangu hapo imelipa ada na kuezeka nyumba za bati Urambo, Kaliua hadi Sikonge. Siwaambii muiache kesho. Najua hakuna atakayewalipia ada hiyo. Nawaomba mtazame saa mnayochuma. Jani likiwa na umande au mvua, nikotini hutoka ndani yake, ikaingia katika yale maji na kupenya ngozi. Mnabeba majani kwapani, shati limelowa, mnatunga vijitini mpaka mchana. Jioni kijana anatapika, kichwa kinamgonga, miguu haina nguvu, nanyi mnamnunulia dawa ya malaria. Kesho yake mnamrudisha shambani.

Subirini jani likauke. Vaeni mikono mirefu na kitu kisichopitisha maji, badilisheni nguo zilizolowa, ogeni kwa sabuni kabla ya kula. Mjamzito asichume. Mtoto asichume, asitunge, asipulize dawa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumtia mtoto katika kazi ya hatari, na hata isingekataza, mwili wake mdogo hauibebi sumu ambayo baba yake anaibeba.

Na ikitokea mmoja amekula asichokijua, msimtapishe, msimnyweshe maziwa wala dawa nyingine ya miti juu ya ile ya kwanza. Tafuteni bodaboda usiku huo huo, mumfikishe zahanati au Kitete. Bebeni tawi lenyewe, au mabaki ya uji sufuriani. Mkiulizwa alichopewa, semeni kweli, hata kama aliyempa ni mama mkwe na mnamwonea haya. Daktari akianza kubahatisha, saa zinazopotea ni za mtoto.