Karura, Jumamosi Hii

Leo nasema hasa nawe, mwanafunzi wa chuo hapo Nairobi, uliyekesha na vitabu hadi herufi zikaanza kuchezacheza machoni. Mtihani ungali mbele, najua. Hata hivyo, Jumamosi hii funga daftari, vaa raba, uingie msitu wa Karura.

Shuka hadi kwenye maporomoko ya maji. Simu ikae mfukoni. Watazame kima wakirukia matawi ya mihugu. Huko hakuna anayekuuliza alama; unadaiwa miguu na pumzi tu.

Na kivuli cha msitu huo, mwanangu, kilipiganiwa. Januari 1999, ardhi ya Karura ikiwa imegawiwa wajenzi, Profesa Wangari Maathai alipigwa akijaribu kupanda mche langoni. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kuutetea msitu. Vijana wa rika lako! Kila nikilifikiria jambo hilo, moyo wangu hujaa shukrani.

Basi ukienda, mchukue na yule mwenzako wa chumbani ambaye siku hizi haongei. Usimhoji. Tembea naye tu, kwa mwendo wake.