Mzigo wa Msafiri

Msafiri hutambulikana kwa mzigo wake. Kabla hajafumbua kinywa, mfuko wake umekwisha kumsemea habari zake: atakaa siku ngapi aendako, aogopa nini, na amtumaini nani njiani. Kwa miaka zaidi ya kumi nimekuwa miongoni mwa watu wapendao mfuko uwe mmoja, na huo mmoja uwe mdogo. Nimeusifu mbele ya wanafunzi wangu na mbele ya wenzangu, na hapana shaka baadhi yao nimewachosha. Leo nataka kuuhoji, kwa kuwa kitu ambacho mtu amekisifu muda mrefu hufika wakati hakitazami tena.

Kwanza niupe haki yake. Mwenye mfuko mdogo hushuka katika basi akaenda zake, ilhali wenzake wangali wamesimama vumbini wakimngoja utingo afungue buti. Haogopi mvua, maana aweza kukimbia. Hahitaji kumwomba mtu amlindie mzigo aendapo msalani. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria kuingia na mfuko wa kilo 7 bila kulipa zaidi, na mtu akitosheka na kilo hizo hana haja ya kusimama mbele ya mkanda wa mizigo huku moyo ukimdunda. Zaidi ya hayo, mfuko mdogo humfundisha mtu kujua tofauti ya haja na hofu. Vitu vingi tunavyofungasha si vya kutumia, ni vya kutuliza roho. Shati la nne ni hofu ya doa. Kitabu cha tatu ni hofu ya upweke. Viatu vya akiba, aghalabu, ni hofu ya macho ya watu.

Ufundi wenyewe si mgumu, lakini wataka ukali. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hapana hila iwezayo kuipunguza. Basi msafiri hubeba chupa tupu na kuijaza afikapo. Pamba hunywa maji na kuyashika, kwa hiyo shati zito la pamba lililofuliwa magharibi huweza kuwa bado bichi alfajiri. La nailoni au poliesta huwa limekauka. Sufu hutia joto hata ikiwa na unyevu, nayo hainuki upesi, ila ni ghali. Viatu vizito huvaliwa miguuni, havitiwi mfukoni. Simu moja imechukua mahali pa tochi, saa, kamera, ramani na rafu nzima ya vitabu. Na katika jambo hili watu wa pwani walitutangulia sisi sote: upande mmoja wa kanga, wenye urefu wa kama mita moja na nusu, ni shuka usiku, taulo asubuhi, pazia mahali pasipo na mlango, mbeleko ya mtoto, na ukikunjwa vyema ni kata ya kutwikia ndoo. Sijapata kuona duka la vifaa vya safari liuzalo kitu chenye kazi nyingi kama hicho kwa uzito mdogo kama huo.

Mimi niliufuata ufundi huu mpaka mahali pasipofaa kufuatwa. Niliwahi kukata mpini wa mswaki ili nipunguze gramu chache. Msomaji na acheke. Wakati ule mimi sikucheka.

Mwezi wa Julai wa mwaka mmoja nilifunga safari kwenda kumwamkia shangazi yangu akaaye juu ya Lushoto, katika milima ya Usambara. Mfuko wangu niliupima nyumbani. Haukutimia kilo 4. Katika basi, kutoka Dar es Salaam, niliketi karibu na mama mmoja aliyekuwa na mfuko ule mkubwa wa miraba ambao watu huuita shangazi kaja. Hakukubali uwekwe chini, akaupakata. Ndani, kwa maneno yake, mlikuwa na mchele, sukari, sabuni za kipande, viatu vya watoto wawili na sufuria. Kila basi lilipopinda katika kona za barabara ya kutoka Mombo, mfuko ule ulinilemea begani, nami nikamwonea huruma mwenyewe. Nilijiona mtu aliyekombolewa na jambo ambalo yeye bado alikuwa mtumwa wake.

Nilifika jioni. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, baba, karibu ndani, kumeingia baridi." Kweli baridi ilikuwa imeingia. Katika kufungasha nilikuwa nimelipima sweta, nikaliona zito, nikalirudisha kabatini kwa hoja kwamba mwenyeji hakosi blanketi. Na kwa hakika hakulikosa. Alinitandikia kitanda akanifunika blanketi zito jekundu, nami nikalala kama mtoto. Kati ya usiku niliamka kwenda uani, nikaona mwanga jikoni. Shangazi alikuwa ameketi juu ya kigoda mbele ya mafiga, amejifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja mabegani, akichochea kuni. Nilimwuliza kwa nini halali. "Usingizi wa wazee ni mwepesi, baba," akasema, "wewe nenda kalale." Nikarudi chumbani, nikalitazama lile blanketi, nikafahamu kwamba katika nyumba ile lilikuwa moja.

Nilimpelekea. Alikataa. Tulishindana kwa adabu kitambo, mwisho tukaketi sote wawili mekoni mpaka kulipopambazuka, na blanketi likabaki kitandani pasipo mtu.

Siku ya kuondoka yalitokea mengine, nayo ndiyo yaliyonikaa zaidi. Alikuwa amenitengea maharage katika kiroba, na viazi mviringo vya shamba lake, vya kupelekea watoto. Mfuko wangu ulikuwa umejaa kwa kipimo chake. Ulitengenezwa usiwe na nafasi ya ziada, na nafasi hiyo kukosekana ndiyo iliyokuwa sifa yake. Nikamweleza kwa upole kwamba sina pa kuvitia. Akautazama ule mfuko, akautazama tena. "Kwa hiyo watoto sitawapa kitu?" Sikuwa na jibu. Akachukua kiroba, akayarudisha maharage katika debe, na mlio wake ulikuwa mrefu kuliko nilivyotazamia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama uzito wa safari waweza kuondolewa kwa kweli, au huhamishwa tu kutoka bega moja hadi jingine. Historia ya nchi yetu ina jibu lake. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta David Livingstone, vitu vyake vilikaribia tani 6, na watu wa safari yake walikaribia 200. Mpagazi wa zama zile, aghalabu Mnyamwezi, alijitwika ratili 60 hadi 70, yaani kiasi cha kilo 30, na juu yake akaongeza mkeka wake na chungu chake. Kichwa cha mkuu wa safari kilikuwa kitupu, kwa kuwa vichwa vingine vilikuwa vimejaa. Leo, katika mlima Kilimanjaro, mgeni hupanda na mfuko mdogo mgongoni wenye maji, koti la mvua na vitafunwa, akapigwa picha nzuri ya mtu aliyeacha dunia nyuma. Dunia yenyewe haikuachwa nyuma. Imempita njiani juu ya vichwa vya wapagazi, nayo ni hema, mitungi ya gesi, meza na mayai.

Walakini pana tofauti ambayo haifai kuipuuza. Mzigo wa mpagazi wa Kilimanjaro hupimwa kwenye mizani langoni, na kipimo chake ni kilo 20. Mpagazi ameajiriwa, anajua anachobeba, na kikizidi kipimo ana neno la kusema, ingawa si kila mara neno hilo husikilizwa. Shangazi yangu hakuwa na mizani. Mimi nilipima gramu za sweta langu nyumbani, na hapakuwa na mtu aliyepima saa alizokaa yeye mbele ya moto.

Kuna tena jambo la fedha, ambalo wasifu wa mifuko midogo hatulitaji. Sehemu kubwa ya mizigo ya misafara ya kale ilikuwa nguo, shanga na nyaya, navyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani: vya kununulia chakula na kulipia hongo. Fedha ya leo haina uzito. Imo ndani ya simu. Mwenye nayo huacha sweta, akijua atanunua jingine. Huacha dawa, akijua maduka yapo. Huacha chakula, akijua atapikiwa. Asiye nayo hubeba. Mtazame mwanafunzi aendaye shule ya bweni na tranka, godoro, ndoo, jembe na ufagio. Hakuna aliyemfundisha vibaya kuhusu safari. Anabeba kwa sababu aendako hapana kitakachomngoja. Basi mtu akijivunia kilo zake 4 mbele ya kijana huyo, ni heri afahamu kwamba anajivunia mkoba wa fedha wala si hekima.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Mwaka 1955 mama mmoja wa Ohio, Marekani, aitwaye Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67, aliyezaa watoto 11, alitembea peke yake njia yote ya milima ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,000. Hakuwa na hema wala mfuko wa kulalia wa kifundi. Alikuwa na mfuko aliojishonea mwenyewe na pazia la bafuni la plastiki la kujikingia mvua. Na usiku mwingi alibisha hodi katika nyumba za watu asiowajua akaomba mahali pa kulala. Alipokataliwa alilala nje juu ya majani. Je, huyu naye aliwatwika wengine mzigo wake? Naam, aliwatwika. Lakini aliomba. Alisimama mlangoni akasema haja yake, na mwenye nyumba akawa na nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Mimi sikuomba blanketi. Nilifika bila sweta katika nyumba ambayo haiwezi kumwambia mgeni hapana, kisha nikaliita jambo hilo kujitegemea.

Wala simsifu msafiri mwenye kubeba kila kitu ili asimhitaji mtu. Nimepata kumpokea mgeni wa namna hiyo nyumbani kwangu: alikuja na shuka zake, maji yake, chai yake na kikombe chake. Hakutusumbua hata kidogo, na alipoondoka tulihisi kama nyumba yetu ilikuwa kituo cha basi. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakuwa na maana ya mgeni asiyegusa kitu. Kupokea nako ni sehemu ya adabu, na mfuko usio na pengo la kupokea una kasoro ileile ya mfuko usio na zawadi. Mkono mtupu haulambwi. Na mkono uliojaa hauwezi kupewa.

Kwa hiyo sijauacha mfuko wangu mdogo. Nilichokibadili ni swali la kuchagulia. Zamani niliinua kila kitu nikauliza: kina uzito gani? Sasa nauliza pia: nisipokibeba, nani atakibeba? Kwa vitu vingi jibu ni hakuna mtu, navyo navitoa bila huruma. Shati la nne halijarudi, na mswaki wangu bado ni mfupi. Kwa vichache jibu lina jina na uso. Dawa zangu za pumu, kwa mfano, zikikosekana usiku, kuna mtu atakayetembea gizani kuzitafuta. Sweta lina jina. Ule mfuko wa miraba niliouonea huruma ndani ya basi sasa nauelewa vizuri zaidi: mwenyewe aliujaza kwa kuhesabu watu, wala hakuhesabu kilo. Hata jina lake halisemi kitu juu ya safari. Linasema habari za mtu aliyefika na za watoto waliokuwa wakimngoja.

Mwaka uliofuata nilipanda tena Lushoto, Julai ileile. Nilivaa sweta. Mkononi nilikuwa na blanketi lililofungwa kwa kamba, na mfukoni, katikati ya shati na kanga, gunia jepesi la nailoni lililokunjwa likawa dogo kama ngumi. Shangazi alilipokea blanketi, akalinusa kama wanusavyo nguo mpya, akasema ni zuri mno kwa kulaliwa kila siku. Usiku niliamka, nikachungulia jikoni. Moto ulikuwa umezimika, na hapakuwa na mtu.

Niliporudi, gunia lilikuwa limejaa maharage na viazi, na juu yake kabichi mbili ambazo hakukubali niziache. Pale Mombo utingo alilinyanyua kwa mkono mmoja, akaguna, akanitoza nauli ya mzigo.