Wageni Wako Wameona Nini?

Maandiko: 2 Wafalme 20:12–19, 2 Nyakati 32:31, 1 Wafalme 10:1–9



Disemba inakaribia. Wiki chache zijazo mabasi yataanza kushusha watu hapa Garsen: mjomba kutoka Mombasa, dada kutoka Nairobi, watoto wa shangazi ambao hawajawahi kuuona mto Tana. Kila nyumba itakuwa na mgeni wa kutembezwa. Wengine wetu nao tutafunga safari kwenda kuwaona watoto vyuoni. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini Biblia inalichukulia kwa uzito: kumtembeza mgeni.

Naanza na ushuhuda wangu, na si ushuhuda wa kujisifu.

Mwaka 2013 nilikuwa mwaka wa pili Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani, nikisomea biashara. Mwanzoni mwa mwaka ule ndipo chuo kilipopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, na Baba aliitangaza habari hiyo kijijini kana kwamba hati ni yangu. Mwezi wa Novemba akanipigia simu: "Mimi na mama yako tunakuja Ijumaa. Tunataka kuona mahali unaposoma." Ni safari ya zaidi ya kilomita 150, upite Gongoni, Mambrui, daraja la Sabaki, Malindi, mpaka ufike. Mama alibeba kambare wakavu na gunia la maembe.

Wasichokijua ni kwamba muhula ule sikuwa nimelipa karo. Baba alikuwa ametuma pesa yote. Mimi kwa akili yangu ya mwaka wa pili nikaamua kuizungusha kidogo kwanza. Nikanunua simu za kuuza. Nusu zilikuwa feki, nusu nikawakopesha marafiki, na hawakulipa. Mtaji ukaisha. Darasani nikawa naingia kwa kujificha. Kanisani nikaacha kabisa, maana dhambi haipendi kukaa viti vya mbele.

Wikendi ile nikawatembeza. Si mnajua mtu mwenye kitu cha kuficha hutembeza wageni kwa bidii sana? Jumamosi asubuhi nikawapeleka maktaba. "Hapa ndipo ninaposoma," nikasema, na nilikuwa sijaingia humo kwa wiki nyingi. Nikawaonyesha chumba kisafi chenye vitabu vingi. Kilikuwa cha rafiki yangu. Mchana tukaenda darajani. Baba akasimama, akaangalia maji chini, akatusimulia alivyovuka pale kwa feri kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Tukavuka hadi magofu ya Mnarani, tukapiga picha chini ya mbuyu. Jioni tukatembea ufuoni Bofa, Mama akacheka mawimbi yalipomlowesha leso. Nikajiambia: imepita hiyo.

Usiku Mama akasema, "Kesho tunaabudu kwako. Maembe yaliyobaki ni ya mchungaji wako."

Jumapili nikawapeleka kwenye kanisa ambalo nilikuwa naliona tu nikipita. Ikafika saa ya matangazo, wageni wakaombwa wasimame. Baba na Mama wakasimama. Mimi nikabaki nimekaa, kama mwenyeji. Basi mhudumu mmoja, mama mchangamfu, akaja akanishika bega kwa upendo: "Simama na wewe kijana wetu, usione haya." Kisha akamgeukia aliyeshika kipaza sauti: "Ni watatu."

Kanisa lote likapiga makofi. Mama alinitazama, hakusema kitu. Baada ya ibada alimpa mchungaji maembe yake kwa mikono miwili.

Mchana tulipokuwa stejini tukingoja basi, Baba akaniambia kwa sauti ya chini: "Kilifi tumeiona, mwanangu. Wewe ndiye hatujakuona."

Pale pale, kelele za makondakta pande zote, nikawaeleza yote.

Sasa tufungue Maandiko.

1. Hezekia aliwaonyesha hazina, hakumwonyesha Mungu

Mfalme Hezekia alikuwa ameugua karibu na kufa. Akalia, Mungu akamwongezea miaka 15, na kivuli kikarudi nyuma madaraja 10 kuwa ishara. Habari zikafika mpaka Babeli, mfalme wa huko akatuma wajumbe na zawadi. Nyakati wa Pili inatuambia walitaka kuuliza juu ya ule muujiza. Yaani wageni walikuja na swali la injili mdomoni! Lakini mwenyeji akawaonyesha fedha, dhahabu, manukato, mafuta mazuri, na ghala la silaha. Hakuna kitu alichokiacha bila kukionyesha. Ila hatusomi mahali popote kwamba aliwaambia, "Nilikuwa nakufa, na Bwana akaniponya."

Walipoondoka, nabii Isaya akaja na maswali ya mkaguzi: watu wale wametoka wapi, na wameona nini nyumbani mwako? Chuoni tulifundishwa kwamba mkaguzi mzuri haridhiki na orodha ya stoo. Anafungua mlango mwenyewe na kuhesabu. Nyakati inasema Mungu alimwacha Hezekia katika jambo hilo ili amjaribu, yaonekane yote yaliyokuwa moyoni mwake. Ziara ya wageni ilikuwa ukaguzi.

2. Sulemani alionyesha njia ya kwenda nyumbani mwa Bwana

Linganisha na malkia wa Sheba. Yeye pia alitembezwa. Akaona nyumba, chakula cha mezani, mavazi ya watumishi. Lakini katika orodha ya vitu vilivyomkata pumzi, mwandishi anataja pia jinsi mfalme alivyopanda kwenda nyumbani mwa Bwana. Na mwisho wa ziara, malkia huyu mgeni alimhimidi Bwana, Mungu wa Sulemani.

Wageni wa Hezekia walirudi kwao na orodha ya mali. Mgeni wa Sulemani alirudi na sifa za Mungu. Mwambie jirani yako: mgeni wangu atarudi na nini? Mama yangu hakuja Kilifi kuona bahari. Alikuja na maembe ya mchungaji. Alitaka kuona njia ninayopanda kwenda kwa Bwana, na mimi sikuwa na njia ya kumwonyesha.

3. Nani analipa gharama ya ziara?

Isaya alimwambia Hezekia kwamba vitu vyote vile vitachukuliwa Babeli, na baadhi ya wanawe watapelekwa huko. Hezekia akalikubali neno, kwa kuwa siku zake zingekuwa za amani. Baba alikosea, watoto wakalipa.

Kwangu mimi ilikuwa kinyume. Baba alirudi nyumbani, akaita dalali, akauza maembe ya msimu mzima yakiwa bado mitini, ili karo ilipwe. Mimi ni mtu wa biashara, najua bei ile ilikuwa ya hasara. Yeye pia alijua. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Mtoto alikosea, baba akalipa. Tangu hapo, mtu akinieleza Kalvari, sihitaji maelezo marefu. Baba wa mbinguni alilipa deni letu akijua hesabu yote, na alilipa kwa Mwanawe wa pekee. Amina?

Tufanye nini basi?

Wewe unayepokea wageni Disemba hii: waonyeshe shamba, waonyeshe mto, wachinjie kuku. Lakini wasiondoke bila kusikia maombi ya nyumba yako na jambo moja ambalo Bwana amekutendea. Wasiwe wageni watatu kanisani wakati mmoja wao ni wewe.

Wewe mwenye stoo iliyofungwa, mwanafunzi mwenye karo iliyopotea, mume mwenye mikopo ya simu ambayo mke haijui: fungua mwenyewe kabla ya mkaguzi. Stejini pale niliaibika kwa dakika kumi, na nikalala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili.

Na wewe mzazi: mtoto akikuambia ukweli, kumbuka umepokea kitu cha thamani kuliko ile pesa. Kemea, ndiyo. Lakini usimfanye ajute kwamba alisema.

Tuombe: Baba katika jina la Yesu, wewe umekwisha kuona vyumba vyote vya mioyo yetu, hata vile tusivyowaonyesha wageni. Tusamehe tulipotembeza watu tukajificha sisi. Safisha nyumba zetu, na kila atakayeingia Disemba hii akuone wewe. Amina.