Alipozinduka Asimjue Mama

Mtoto wa miaka minne alipelekwa hospitali kukatwa mafindofindo. Njiani aliambiwa anakwenda kununuliwa aiskrimu. Mlangoni pa chumba cha upasuaji akakuta watu waliofunika nyuso, akatolewa mikononi mwa mama yake kwa nguvu, akavutishwa dawa ya nusu kaputi huku bado analia.

Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Kasheshe ilikuwa wakati wa kuzinduka. Alirusha mateke, akapinda mgongo, macho yako wazi lakini hayamtazami mtu. Mama akimwita, anamsukuma. Bibi akaona hapa si bure, mjukuu kaingiliwa na pepo, akaanza kumsomea dua. Shangazi naye akafungua chupa ya maji amnyweshe apoe. Katika purukushani hiyo kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ikachomoka, damu ikatapakaa kwenye shuka. Nesi alifika mbio, na kitu cha kwanza alichokizuia ni ile chupa, maana mtoto ambaye fahamu hazijamrudia sawasawa maji humpalia yakaingia mapafuni. Dua ya bibi haikumdhuru mtu.

Madaktari wa usingizi wanaijua hali hii. Huwapata zaidi watoto wa umri wa chekechea, hasa waliolazwa usingizi kwa gesi kama sevoflurani, na upasuaji wa koo, masikio au macho huizidisha. Aliyeingia na hofu kubwa naye yumo hatarini zaidi. Mara nyingi hupita yenyewe baada ya dakika 5 hadi 15, wengine nusu saa au zaidi, na mtoto kwa kawaida hakumbuki kitu. Hata hivyo nesi mzuri hasemi “ni dawa tu” akaenda zake. Hupima kwanza oksijeni na kuangalia maumivu, kwa kuwa mtoto anayekosa hewa hutapatapa vivyo hivyo. Ikibidi, daktari humtuliza kwa dozi ndogo ya dawa kama propofoli, inayopitia kwenye mshipa. Kwa huyu, njia hiyo ilikuwa imeshachomoka.

Mama alikuwa ametia saini fomu jana yake. Aliuliza gharama, akauliza operesheni itachukua muda gani. Habari ya kuamka hakuna aliyemgusia, naye hakujua kama ni ya kuulizwa. Angeambiwa, angemshika mkono wenye kanula, akawatoa ndugu nje, akamsemesha taratibu hadi amtambue.