Ukirithi Jina, Umerithi Nini?

Mtaa wa Kleist Sykes uko Gerezani, na wazee wa mji bado wanauita Kipata. Siku ya biashara utawakuta wachukuzi wakisukuma mikokoteni iliyojaa marobota, na mteja amebana simu sikioni akimwelekeza mwenzake: “Niko hapa Kleist Sykes, njoo tu.” Kila siku jina hilo hutajwa na watu wasiomjua mwenyewe, ndiyo maana inafaa kuuliza: tunapowapanga pamoja watu mashuhuri kwa sababu tu wana jina moja la ukoo, tumekusanya kitu gani hasa?

Tuanze na walio mbali. Mwaka 1916 Mwingereza Mark Sykes na Mfaransa François Georges-Picot walipiga mstari juu ya ramani, wakagawana kwa siri nchi za Waarabu zilizokuwa chini ya Dola ya Uthmaniyya. Wakati huo, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, kijana mzaliwa wa Pangani, Kleist Sykes, alikuwa askari wa Paul von Lettow-Vorbeck, akiwapiga Waingereza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mmoja aligawa nchi za wengine, na mwenzake alipelekwa kufa kwa ajili ya nchi ya wengine. Kinachowaunganisha ni herufi tano tu.

Mtu atapinga akisema hao hawana damu moja. Sawa, basi tuwatazame wenye damu moja. Babu, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, askari aliyeletwa na Mjerumani Hermann von Wissmann kuzima vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, yule aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa mwaka 1894, alitoka kwenye vita vya Wajerumani akafanya kazi reli, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha African Association na katibu wake. Watoto wa Kleist, Abdulwahid na Ally, walivaa sare za Mwingereza wakaenda vitani Burma. Waliporudi waliingia katika siasa za kumtoa Mwingereza huyo huyo. Tarehe 7 Julai 1954 wote wawili walikuwa miongoni mwa watu 17 walioasisi TANU, na kadi namba 2 ya chama ilikuwa ya Ally. Mdogo wao, Abbas, alikuja kuwa balozi wa Tanzania. Kleist wa pili, mtoto wa Abdulwahid, alikuwa meya wa Dar es Salaam. Vijana wa leo wanalijua jina hili kwa Dully Sykes wa Bongo Fleva.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hapa methali imegonga mwamba. Babu alisaidia kuinyakua nchi, wajukuu wakasaidia kuikomboa. Kama tabia ingekuwa inapita ndani ya jina, tungelazimika kuchagua ni yupi kati yao aliyelibeba jina kwa haki na yupi aliyelisaliti, na uchaguzi huo hauna msingi. Sifa ya Ally haikumfuata Mbuwane kaburini, wala bunduki ya Mbuwane haikuwa mikononi mwa Ally.

Tena jina lenyewe halikushuka kutoka mbinguni. Desturi ya pwani ni mtu kuitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Kila kizazi kinapoongeza jina jipya mbele, la nyuma kabisa huachwa. Kwa desturi hiyo, wajukuu wa Kleist wasingekuwa na Sykes tena. Lakini Sykes, jina la mtu mmoja, lilishikwa likawa la ukoo, na Mbuwane lililokuja naye kutoka Msumbiji likaachwa njiani. Mama zao nao, waliowazaa na kuwalea, hawamo kabisa ndani ya jina. Kwa hiyo jina la ukoo si kumbukumbu kamili ya tulikotoka. Ni kumbukumbu iliyochaguliwa, na kila uchaguzi umemwacha mtu nje.

Basi mrithi wa jina anarithi nini? Nasema anarithi deni. Mwaka 1953 Abdulwahid alikuwa akiongoza TAA, chama kilichotokana na kile ambacho baba yake alishiriki kukiasisi. Mwaka huo uongozi ulikwenda kwa Julius Nyerere, mwalimu kutoka Butiama ambaye jina la baba yake halikuwa na uzito wowote Kariakoo. Abdulwahid angeweza kukitazama chama kama mali ya nyumba yao na kukaa pembeni. Hakukaa pembeni. Mwaka uliofuata alikuwemo katika wale 17. Hapo ndipo alipolistahili jina la baba yake: alikubali kazi iendelee hata inapoongozwa na mtu wa jina jingine.

Jina kubwa lina hatari yake pia, nayo ni kuwafunika wengine. Watatu au wanne wenye jina moja hukumbukwa kwa urahisi, kwa kuwa kila mmoja anamkumbusha mwenzake. Lakini katika wale 17 walikuwemo pia Germano Pacha, Abubakari Ilanga, Japhet Kirilo na Kisung'uta Gabara. Ni wangapi kati yetu tunaowataja? Mwaka 1998 mwanahistoria Mohamed Said alichapisha kitabu kizima juu ya maisha ya Abdulwahid, kwa kuona kwamba hata yeye alikuwa anasahaulika. Ikiwa mtu ambaye mtaa una jina la baba yake alihitaji kutetewa hivyo, aliyesimama peke yake na jina lake amwegemee nani?

Kwa hiyo, msomaji, ukizaliwa na jina linalojulikana, usidai heshima ya kazi ambayo hukuifanya, na usiikimbie aibu ya historia yake. Ijue yote, kisha ufanye la kwako. Na kama jina lako halipo kwenye kibao cha mtaa wowote, hujapungukiwa na kitu. Waulize wazee wangali hai majina ya waliotangulia, akina mama kwanza, na waliyoyatenda, mazuri na mabaya. Yaandike.