Mita Moja, Vyumba Vinne

Vijana wetu wa Kabungu wanaojaaliwa kupata nafasi ya chuo, wakasome hapa hapa Katavi katika Kampasi ya Mizengo Pinda ya SUA au wafike mbali hadi Dodoma na Dar es Salaam, aghalabu huagwa na wazee wao kwa nasaha nyingi juu ya masomo, ibada na marafiki wabaya. Walakini sijapata kumsikia mzazi aliyemkalisha mwanawe chini akamfundisha jinsi ya kugawana gharama za umeme na watu asiowajua. Naliona hilo kuwa pengo kubwa katika malezi, kwa kuwa mabweni hayawatoshi wote, na wengi huishia kupanga nyumba kwa kuchangia, ambamo usuhuba hutiwa majaribuni kila uniti zinapokaribia kwisha.

LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ni utaratibu wenye hekima, maana haumlimbikizii mtu ankara asizoweza kuzilipa. Lakini pale watu wanne wanapotumia mita moja, utaratibu huo humwelemea mmoja wao. Mwenye subira ya kukaa gizani halipi. Asiyeweza kuvumilia, ama kwa sababu ana mtihani kesho, ama kwa sababu ana haya tu, ndiye atoaye fedha na kuingiza tarakimu zile 20, na taa zikawaka katika vyumba vyote sawasawa. Mara ya kwanza huitwa mkarimu. Baadaye huhesabiwa kuwa ndiyo kazi yake. Tena akiwa ndiye mnunuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa na kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukusanywa kwa njia ya LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi hapo mwanzo na 1,500 baadaye kwa nyumba ya kawaida, ilhali jengo si lake wala si la wenziwe.

Liko jambo jingine lililofichika zaidi, nalo ndilo linaloniuma. Serikali, kwa kuwahurumia wenye kipato kidogo, iliweka daraja la matumizi madogo ya nyumbani, ambalo mtumiaji asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, bila kuhesabu kodi na tozo, na akivuka hapo kila uniti iliyozidi huwa shilingi 350. Mtu mmoja mwenye taa, redio na simu si rahisi avuke. Lakini wanafunzi wanne, kila mmoja na kompyuta yake na pasi yake, na mmoja wao ana hita ya kuchemshia maji, huvuka kabla mwezi haujaandama, kwa kuwa mita haijui idadi ya watu waliomo ndani. Hivyo rehema iliyokusudiwa mafukara huwapita wanne kwa sababu wamekaa pamoja, ikamfikia mmoja akaaye peke yake. Ningewasihi EWURA, ambao ndio wenye mamlaka ya kuidhinisha bei, walitazame jambo hili kwa insafu.

Intaneti nayo ina uzito wake. Binti wa kaka yangu, asomaye Dodoma na kupanga Ng'ong'ona, alikubali ruta ya nyumba iandikishwe kwa kitambulisho chake cha NIDA, kwa sababu ilikuwa lazima liwepo jina moja, nayo ilikuwa nafuu kuliko kila mmoja kujinunulia bando lake. Muhula ulipokwisha wawili wakahama, na ujumbe wa malipo ukawa unamjia yeye peke yake. Akanipigia simu. "Shikamoo baba mdogo," akasema, na baada ya kujuliana hali hakuniomba fedha, bali aliniuliza kama ni aibu kumdai rafiki. Swali hilo lilinihuzunisha kuliko deni lenyewe. Nilimwambia kwamba si aibu hata kidogo, na kwamba walioondoka bila kuaga hesabu ndio waliomtwika haya isiyokuwa yake.

Tuliongea kwa kirefu, na shauri tulilofikia amelipeleka kwa wenziwe wapya. Siku fedha za Bodi ya Mikopo zinapoingia, ambazo wao huziita bumu, na ambazo kwa chakula na malazi zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23, kila mmoja hutoa mchango wa umeme, maji na intaneti kabla hajanunua kitu kingine. Kila kilichonunuliwa huandikwa kwenye daftari lililo jikoni. Mwenye hita huongeza chake. Ambaye bumu lake limechelewa, au asiyepata mkopo kabisa, huandikiwa deni wala hasimangwi. Mwenye nyumba, naye ni mtu muungwana, amekubali kuipunguza ile kodi ya jengo katika pango la muhula ujao. Ruta ingali kwa jina la binti yetu, ila safari hii wenziwe wametia saini kwamba atakayehama kabla ya mwaka wa masomo kwisha ataacha mchango wake wa miezi iliyosalia.